Fikra za Kuvunja Mazoea: Funzo Kutoka Wajir

Wapo wanaodhani kuwa ubunifu katika biashara ni mali ya miji mikubwa. Wajir yaonyesha kinyume. Kwa miaka mingi kampuni za bima ziliwakwepa wafugaji wa kuhamahama, kwani nani angehesabu mizoga ya ngamia nyikani? Mwaka 2013 takafuli ya mifugo, yaani bima inayofuata sharia ya Kiislamu, ililigeuza swali hilo: setilaiti ipime ukavu wa malisho. Machi 2014 wafugaji wakalipwa fidia. Hata hivyo, kipimo cha setilaiti hakilingani daima na hasara ya kila boma. Jambo hilo lisipoelezwa kwa lugha aijuayo mfugaji, huzaa shaka. Fikra mpya isiyoeleweka kwa mteja haijawa biashara.