Tumwachie kiboko njia yake

Ndugu wanakoperative, saizoni C imefika. Mvua imekatika, nyasi za milimani zinakauka, na kila mwenye kipande kando ya ziwa au kando ya Ruzizi ameshaanza kupanda lengalenga, nyanya na vitunguu. Ni wakati huu pia ambapo habari za viboko zinaanza tena: shamba limekanyagwa, mtumbwi umepinduliwa, mama amekimbizwa akichota maji. Kila mara tunasikia maoni mawili. Kuna wanaosema auawe, nyama igawanywe. Kuna wengine, hasa vijana wa mjini, wanaosema ni mpole, anakula nyasi tu, mwacheni tumpige picha. Sisi tunaona kwamba wote hawamjui vizuri, na kutomjua huko kunatugharimu watu.

Tuanze na hao vijana. Kwenye simu zao kuna video nyingi za mnyama wa Amerika ya Kusini anayeitwa kapibara. Ni wa jamii ya panya, mkubwa kuliko wote, anaweza kufika kilo 60. Anapenda maji, anakula majani, na kule alikozoea watu wanamkaribia na kumpapasa. Kijana wa Kavimvira anaona video hiyo, halafu jioni anaona kiboko ametoka majini, mnene, mdomo mpana, anakula nyasi polepole. Anafikiri ni tabia ileile. Anasogea na simu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kapibara akiogopa anakimbilia majini ajifiche. Kiboko naye akiogopa anakimbilia majini. Lakini ana uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na anakimbia karibu kilomita 30 kwa saa, kuliko wengi wetu. Ukiwa umesimama kati yake na maji, anapita juu yako. Hakukuwinda, hataki kukula. Wewe umeziba mlango wa nyumba yake, basi.

Kuna alama ambazo kila mmoja wetu, na watoto wetu, tunapaswa kuzijua. Kiboko akifungua kinywa wazi kukuelekea, si usingizi: anakuonyesha meno na kukuambia rudi. Akitikisa kichwa, akikoroma kwa nguvu, rudi. Jike mwenye mtoto hana mchezo hata mchana. Dume analinda sehemu yake ya maji, na mtumbwi unaopita hapo kwake ni dume mwingine aliyekuja kumtukana. Akizama usidhani ameondoka, maana anaweza kukaa chini ya maji dakika tano hivi na kutembea kwenye mchanga mpaka chini ya mtumbwi wako. Wavuvi wa ndagala wanalijua hilo vizuri kuliko sisi wa shule.

Sasa tuje kwenye mambo ya shamba, kwa sababu hapo ndipo sisi wenyewe tunakutana naye zaidi. Ngozi ya kiboko haivumilii jua, kwa hiyo mchana anakaa majini. Anatoka giza linapoingia, anakula nyasi usiku kucha, kiasi cha kilo 40 hivi, na anarudi kabla ya jua kuwaka. Anapita njia ileile kila siku. Na sisi tunamwagilia saa ngapi? Mama anashuka na arozwari saa kumi na moja asubuhi, wakati kiboko anarudi. Anashuka tena saa kumi na mbili jioni, wakati kiboko anatoka. Tena tumelima mpaka ukingo wa maji, tumekata matete yote, na njia yake tumeifanya tuta la nyanya. Ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena 2024, maji yalikula ukanda uliobaki kati yetu na yeye. Kwa hali hiyo, kukutana si bahati mbaya. Tumepanga miadi naye bila kujua.

Kwa wanaosema auawe, tuna majibu mawili. La kwanza ni sheria: Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inahusu ulinzi wa wanyama wa pori na mazingira yao, na mwenye kuitwa kiboko anaposumbua ni ICCN, si mwenye bunduki wa jirani. Kiboko aliyejeruhiwa na risasi ni hatari kuliko kumi wazima. Jibu la pili linatoka kwa ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini. Ziwa Edward lilikuwa na viboko zaidi ya 20,000 miaka ya 1970. Vita na ujangili vikawamaliza, hata kufika mwaka 2005 walibaki chini ya 1,000. Wavuvi wengi wa kule wanaunganisha kupotea kwa viboko na kupungua kwa samaki, maana mavi ya kiboko ni mbolea ya maji. Sisi tunaonunua mbolea kwa bei tunayoijua hatupaswi kulicheka jambo hilo.

Basi tufanye nini? Maoni yetu ni haya: kila koperative ya kando ya maji iache ukanda usiolimwa, wenye matete na nyasi, na iache wazi njia za viboko zinazojulikana. Ng'ambo, Burundi, sheria inataka mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika. Kwetu tuanze na kile tunachoweza kukubaliana kwenye mkutano, lakini tukubaliane wote. Matete hayo hayatapotea bure: yanashika udongo mvua ikirudi, na samaki wadogo wanakulia humo. Nyuma ya ukanda tuchimbe mtaro, au tupande uzio mnene wa miiba au mkonge. Kiboko haruki. Kizuizi kisicho kirefu sana, lakini kisicho na mwanya, kinamgeuza.

Pili, tubadilishe saa. Kumwagilia kuanze jua likishawaka na kumalizika kabla ya saa kumi jioni. Nyanya haitakufa kwa hilo. Penye maji ya karibu chini ya ardhi, koperative ichimbe kisima kifupi ndani ya uzio, ili mama asishuke ziwani hata kidogo.

Tunajua neno gumu liko wapi. Ukanda huo ni shamba la mtu. Mara nyingi ni la mjane au la mama asiye na kipande kingine, na lengalenga ya saizoni C ndiyo inayolipa shule mwezi wa tisa. Kumwambia aache bila kumpa kitu ni kumwambia achague kati ya kiboko na njaa, na atachagua kiboko. Kwa hiyo gharama isibaki juu yake peke yake. Wenye vipande vya juu wagawe mistari michache, au mfuko wa koperative umkodishie mahali pengine. Anayelima juu analala salama kwa sababu mwenzake wa chini amesimama katikati. Ni haki amlipe.

Mkutano wa saizoni hii ukiitwa, tunaomba jambo hili liwekwe mbele, kabla ya mbegu na kabla ya madeni. Wazee waonyeshe njia za viboko wanazozijua tangu zamani, wavuvi waseme sehemu za maji zenye jike na watoto, na wamama waseme saa wanazoshuka. Ramani ya namna hiyo inaweza kuchorwa chini kwa kijiti, na haidai franka hata moja.