Drumu ya Dhahabu, Simbali za Mfuniko wa Sufuria: Acheni Kuwaonea Wapiga Drumu

Kuna staa mmoja wa hapa mjini kapost drumu mpya ya bendi yake. Simtaji, mnamjua, na asiyemjua aendelee tu na maisha yake. Drumu ina rangi ya dhahabu, ngoma kubwa ya mbele imeandikwa jina lake, ndani kuna taa zinawaka, mashabiki wanamwaga emoji za moto mpaka basi. Mimi dhahabu sikuiangalia. Nilivuta picha nikaenda juu, kwenye zile sahani. Daah.

Zile sahani ndiyo simbali, au matoazi kama ulivyozoea kuyasikia kwenye Zaburi ya 150. Na za kaka yetu zilikuwa zile zile nyembamba kama mfuniko wa sufuria, ambazo hutupiwa ndani ya boksi ukinunua seti ya kujifunzia. Mtu kalipia taa, kalipia rangi, kalipia fundi wa kuandika jina, halafu chombo kinachosikika kwenye kila wimbo kuanzia mwanzo mpaka mwisho kapokea cha bure. Wiki mbili mbele utamsikia analalamika kwamba mpiga drumu wake "anaua vibe".

Sio yeye tu. Kuna kanisa moja hapa Dar, lina skrini kubwa ukutani kama uwanja wa mpira, mchungaji ana maikrofoni ya kichwani ya maana, spika zimepangwa kama ghorofa. Simbali? Moja imepasuka ukingoni imezungushiwa selotepu. Kijana anapiga pale kila Jumapili ibada tatu, bila posho, na kamati inamwita kikaoni kumwambia apunguze kelele. Jamani, kelele sio za kijana. Kelele ni za kile chuma mlichomnunulia.

Ngoja niseme jambo ambalo wenye hela hawataki kulisikia. Ngoma unaweza kuiokoa. Ngoma mbovu ukiibadilishia ngozi, ukaikaza vizuri, ukaiwekea kitambaa kidogo ndani, itatoa sauti ya heshima. Nimesikia seti za bei chee zikirekodiwa na ukadhani ni za studio kubwa. Simbali haina ufunguo wa kukazia. Haina ngozi ya kubadilisha. Ilivyolia dukani ndivyo itakavyolia mpaka siku itakayopasuka, na hakuna fundi wa Kariakoo, hata awe na mkono wa dhahabu, atakayeifanya simbali mbaya iwe nzuri. Kwa hiyo ukiwa na hela kidogo, hela hiyo inatakiwa iende juu, kwenye simbali, na ngoma zivumilie. Mjini hapa tunafanya kinyume, kwa sababu simbali haionekani vizuri kwenye picha.

Shida yote iko kwenye madini. Simbali za bure na nyingi za bei ya chini ni brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Zinki ni ile ile inayopakwa kwenye mabati ya nyumba yasiote kutu. Simbali za maana ni bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Na bati hapa simaanishi bati la kuezekea, namaanisha madini yenyewe, yale yanayochimbwa Kyerwa kule Kagera. Bronzi ya juu kabisa ina shaba asilimia 80 na bati asilimia 20, wenyewe wanaiita B20. Ya kati ina bati asilimia 8, ndiyo B8. Kengele kubwa za makanisa ya zamani zimetengenezwa kwa mchanganyiko unaokaribiana sana na huo wa B20. Sasa chukua kengele ya kanisa na chukua rimu la gari linalogongwa shuleni saa ya mapumziko. Yote mawili yanaita watu, lakini moja linaimba na lingine linabweka. Brasi inabweka. Ukiipiga inatoa sauti moja ya "kaaa", inakatika, haina mkia mtamu wa kufifia taratibu.

Ila msije mkaanza kutembea na vyeti vya maabara madukani. Mchanganyiko sio kila kitu. Paiste wa Uswisi wana simbali zao za 2002, ambazo zipo tangu 1971, ni za B8, na John Bonham wa Led Zeppelin alizipiga kwenye majukwaa makubwa ya dunia. Ukiona muuzaji anakwambia B8 ni takataka, ujue kasoma nusu. Kinachoamua ni madini pamoja na namna yalivyogongwa nyundo, yalivyochongwa na unene wake. Kwa hiyo sikio lako ndilo bosi.

(Umbea kidogo, maana ninyi bila umbea hamuendi. Zildjian ni familia ya Waarmenia iliyoanzia Istanbul, kampuni wanaihesabu tangu 1623, baadaye wakahamia Marekani. Baba mwenye mali alipofariki mwaka 1979, ndugu wawili wakagombana. Mmoja, Robert, akabaki na kiwanda cha Kanada, na mwaka 1981 akaanzisha Sabian. Jina hilo kaliunda kwa herufi za mwanzo za majina ya wanawe: Sally, Bill na Andy. Kwa hiyo mnavyobishana Zildjian na Sabian nani mkali, mnabishania kesi ya mirathi ya watu.)

Sasa tuje kwenye mifuko yetu.

Una laki tatu, nne. Hapa ndipo watu wanapigwa. Muuzaji atakuonyesha seti nzima, sahani nne zinang'aa, begi juu yake. Usinunue seti. Kwa hela hiyo nunua kitu kimoja tu, tena cha mkononi: haihati, zile mbili zinazobanwa kwa mguu, inchi 14, za bronzi. Kwenye gospo, zuku, bongo fleva ya laivu, mguu na haihati ndivyo vinavyoshika wimbo. Raidi na krashi zako mbovu zibaki hapo hapo, zipige kwa nadra na kwa upole, mpaka mwakani. Haihati moja nzuri na krashi mbovu inayoguswa mara tano kwa wimbo, nani atakusema? Lakini seti nzima ya brasi mpya ni kelele nne mpya, na hakuna atakayeinunua tena kwako kwa bei uliyotoa.

Una milioni moja, moja na nusu. Hapo sasa unaongea. Tafuta laini za kati: Sabian B8X, Zildjian I au zile za S ambazo bati lake limepanda kufika asilimia 12, Paiste PST 7. Au gawa: haihati na raidi za mkononi za daraja la juu, krashi ya daraja la kati. Mimi ningegawa. Raidi nzuri ya inchi 20 unazeeka nayo.

Una milioni nne kwenda juu, huna haja ya mimi. Zildjian A na K, Sabian AAX na HHX, Meinl Byzance zinazotengenezwa Uturuki, nenda kachague. Jua tu kwamba raidi moja ya daraja hilo huko nje inazidi dola 300 kabla hujalipia usafiri na ushuru. Na kama wewe ni yule staa wa drumu ya dhahabu, hela hii unayo. Umeivaa mguuni.

Kitu kingine kinachoniudhi ni hii imani ya "chukua nene, inadumu". Kaka, ukumbi wako una urefu gani? Makanisa yetu mengi na baa za laivu ni vyumba vya kawaida, paa la bati, kuta za saruji, sakafu ya taizi. Simbali nene ni ya uwanjani. Ili ifunguke lazima uitandike, na ukiitandika kwenye chumba kama hicho inarudi kwenye kila ukuta, inaingia kwenye kila maikrofoni ya mwimbaji, na ile laivu ya YouTube mnayoirusha kwa simu inageuka mvua ya mawe. Krashi nyembamba inafunguka kwa mguso, inasema "shaa" na kupotea. Na hata kudumu kwenyewe ni hadithi, kwa sababu unavyolazimika kuitandika ile nene ndivyo unavyoipeleka kaburini. Nyembamba ikipigwa kwa kupitisha fimbo ubavuni, sio kwa kuchoma moja kwa moja kama unaua nyoka, inakaa miaka.

Dukani nenda na fimbo zako mwenyewe. Muuzaji akikataa usipige, ondoka, kwani kuna nini anaficha? Piga polepole kwanza, halafu kwa nguvu, halafu nyamaza usikilize mpaka sauti iishe kabisa. Za mkononi zikague kama unakagua simu ya mwizi. Pitisha ukucha ukingoni mzunguko mzima, ufa mdogo unaushika kwa ukucha kabla jicho halijauona. Angalia tundu la katikati: kama limeliwa upande mmoja likawa kama tundu la funguo, ujue imepigwa bila mpira wa kuzuia. Ukisikia mtetemo wa ajabu kama nzi ndani ya chupa, rudisha. Uchafu na weusi visikutishe, hivyo ni rangi tu. Kinachong'aa sana ndicho cha kuogopa, maana kuna watu wanasugua simbali kwa stili waya mpaka nembo inaondoka na mistari ya kiwandani inalika, halafu wanasema "kama mpya". Siku hizi nembo feki nazo zimejaa duniani, ndiyo maana nasema sikio kwanza, jina baadaye.

Ukishanunua, weka mpira kwenye ule msumari wa stendi na sponji chini na juu, na usikaze nati mpaka mwisho. Simbali inatakiwa icheze. Iliyobanwa haina pa kupeleka kipigo, inapasuka. Mpira huo na sponji hizo ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote kwenye drumu, na ndivyo vinavyokosekana kwenye kila kanisa nililoingia. Kamati zina bajeti ya maua ya madhabahuni, ya mpira wa elfu chache haina.

Najua tayari kuna mtu anaandika, "mpiga drumu mzuri anapiga hata ndoo". Haya. Msanii wako mzuri mbona humpi maikrofoni ya karaoke ya mtoto? Mpiga gitaa wako mbona analetewa nyuzi mpya kila shoo? Maneno ya ndoo yanatolewa kwa mpiga drumu peke yake, na kila siku yanatolewa na mtu ambaye hatakaa nusu mita kutoka kwenye ile brasi kwa saa tatu. Masikio ni ya yule kijana. Akifika miaka 40 anaomba watu warudie walichosema, wewe utakuwa umeshabadilisha bendi mara sita. Na ndiyo, mpiga drumu mzuri anaweza kupunguza ubaya wa simbali mbaya. Anafanyaje? Anaacha kuzipiga. Ndiyo maana bendi yako inasikika haina uhai, sio kwamba jamaa kachoka.

Mnisamehe wapiga drumu, na ninyi mna lenu. Sehemu nyingi duniani mpiga drumu akienda kazini anakuta ngoma ziko pale, yeye anabeba simbali zake, snea yake na pedali. Ni vitu vyake kama fundi anavyobeba nyundo. Ninyi mnanunua raba za laki mbili mnakwenda kupiga simbali za ukumbi, halafu mnalaumu ukumbi. Anza na ile haihati moja. Weka elfu kumi kumi. Nunua begi, iandike jina, shoo ikiisha toka nayo.

Na wewe bosi wa bendi, siku atakapokuja na simbali zake, hicho ni kifaa kipya kimeingia kwenye bendi yako na hujakilipia. Mlipe cha kifaa, mbali na cha mkono. Ikipasuka kwenye shoo yako, mjadala wa nani ananunua nyingine mmalizane kabla ya kupanda stejini, sio saa nane usiku kwenye maegesho wewe umeshafunga kioo cha gari. Na usimwambie aziache ukumbini "tuwe tunatumia". Si unayo ile ya dhahabu yenye taa?