SEHEMU YA 3: "Usimwambie baba"

Nimetoka zamu sasa hivi, miguu inawaka moto, ila niliahidi tutaendelea, kwa hiyo tuendelee.

Wengi wetu tukisikia habari ya Yakobo kumdanganya baba yake, lawama zote tunamtwisha Yakobo. Hebu rudini Mwanzo sura ya 27 msome polepole. Wazo halikuwa la kijana, lilikuwa la mama! Rebeka ndiye aliyesikia Isaka akimtuma Esau porini. Ndiye aliyepika wale wana-mbuzi, akamvika Yakobo nguo za kaka yake, akamfunga ngozi za mbuzi mikononi na shingoni. Kijana aliogopa kwamba mzee atampapasa amgundue. Mama akamwambia laana ataibeba yeye.

Haya, alipata alichotaka. Halafu ikabidi amkimbizie mwanawe kwa mjomba Labani, eti kwa siku chache tu, hasira za Esau zipoe. Zikawa miaka 20. Hakuna mahali tunasoma kwamba mama na mwana walionana tena. Kule ugenini Yakobo naye akadanganywa, akapewa Lea badala ya Raheli. Baadaye wanawe wenyewe wakamletea kanzu ya Yusufu imechovywa kwenye damu ya mbuzi. Mbuzi tena, jamani!

Sasa tuje kwetu. Mtoto wa miezi 18 analetwa kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Huyu anaelewa maneno. Namsikia mama pale kwenye benchi: "Huchomwi, tunaenda kununua juisi." Sindano ikiingia, mtoto hanitazami mimi, anamgeukia mama yake. Yale macho siyapendi kabisa. Mwambie tu itauma kidogo, nitakushika, itaisha. Atalia, ndiyo, na atanyamaza.

Ila hilo ni dogo. Linaloninyima usingizi ni hili la "usimwambie baba". Tumenunua kitenge, usimwambie baba. Bibi kaja kapewa hela, usimwambie baba. Na baba naye: tulipopita leo, mama asijue. Mtoto wa miaka 5 keshajua kwamba mtu mzima unayempenda akisema nyamaza, unanyamaza.

Mnajua nani mwingine anatumia maneno hayo hayo? Anayemharibu mtoto mara nyingi si mgeni. Ni ndugu, jirani, mtu anayeingia kwako bila kubisha hodi, na anaweza kuanza na siri ndogo tu ya pipi. Akimkuta mtoto aliyezoezwa siri nyumbani kwao, kazi imeshafanywa nusu.

Najua kuna atakayeniambia, nesi, wewe humjui mume wangu, nikisema ukweli wa hela napigwa. Dada, wewe sikulaumu hata kidogo. Akiba yako ya kikoba iweke, na umtafute mtu mzima unayemwamini umweleze hayo mapigo. Ninachoomba ni kimoja: huo mzigo asibebeshwe mtoto. Kama jambo halitakiwi kufika kwa baba, lisipitie masikioni mwake.

Zawadi ya sikukuu aifiche, hiyo ina siku yake ya kufunguliwa. Lakini mtu mzima akimwambia asiseme kabisa, hata akiwa shangazi, hata akiwa mchungaji, aje akuambie siku hiyo hiyo. Akikuambia, usianze na kofi wala "muongo wewe". Kaa chini msikilize. Ukihitaji msaada piga 116, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto pale kituo cha polisi.

Sehemu ya 4 Jumapili, Mungu akipenda. Hiyo ni ya akina baba, kwa hiyo mwiteni asome mwenyewe, msimsimulie.