Maradhi Bila Daftari

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo ulikusudiwa wenye maduka na wenye majahazi, lakini leo tunauelekeza kwenye jambo zito kuliko biashara, nalo ni ugonjwa wa saratani. Mara kwa mara husikika, mitaani na hata katika kumbi za Bunge, kwamba mkoa fulani unaongoza kwa saratani na mkoa fulani umesalimika. Kanda ya Ziwa imetajwa hivyo mara nyingi. Wapo wenzetu wa Ruvuma wanaojifariji kwamba balaa hilo ni la mbali. Na ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana haki ya kuuliza wao wamewekwa wapi katika hesabu hiyo. Gazeti hili linasema kwamba kabla ya kulinganisha hatuna budi kuhesabu, na kuhesabu ipasavyo.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 Watanzania zaidi ya 40,000 walipatwa na saratani, na karibu 27,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Saratani ya mlango wa kizazi peke yake ilikadiriwa kuwapata wanawake zaidi ya 10,000, yaani robo ya wagonjwa wote. Neno la kuangaliwa hapa ni "ilikadiriwa". Makadirio hayo hujengwa juu ya madaftari machache yaliyopo, kama mkulima anayekisia mavuno ya shamba zima kwa kutazama matuta matatu. Hatuyadharau, bila hayo tungekuwa gizani kabisa. Lakini hayamwezeshi Mganga Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma kujua kama Tunduru inaizidi Mbinga, wala hayaiwezeshi Wizara ya Afya ya Zanzibar kujua kama Micheweni inaizidi Wilaya ya Kusini Unguja.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Tanzania aliyehitaji tiba ya mionzi alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, nako ni Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyofanywa Taasisi ya Saratani kwa sheria ya mwaka 1996. Baadaye Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi nazo zilianza kutoa huduma za saratani. Hospitali hizi zinafanya kazi ya kusifiwa, na vitabu vyao vya wagonjwa ni hazina. Hata hivyo kitabu cha hospitali humwonyesha aliyefika. Hakimwonyeshi aliyeugua akafia nyumbani.

Tutoe mfano ulio karibu nasi. Katika sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Ruvuma ulikuwa na watu takriban milioni 1.85, na Zanzibar nzima ilikuwa na watu takriban milioni 1.89. Hawa ni watu karibu sawa kwa idadi. Lakini mgonjwa wa Unguja hupanda boti na kwa muda wa saa mbili hivi yuko bandarini Dar es Salaam, hatua chache kutoka Ocean Road. Mgonjwa wa Songea ana safari ya zaidi ya kilometa 900, kupitia Makambako na Iringa, na huyo wa Mbamba Bay safari yake ni ndefu zaidi. Mwenzake wa Pemba naye yuko mbali kuliko wa Unguja. Ikiwa basi kitabu cha Ocean Road kitaonyesha wagonjwa wengi wa Unguja kuliko wa Ruvuma, je, tutasema kwamba hewa ya bahari inaleta saratani? La hasha! Huenda tutakuwa tumepima urefu wa barabara na uzito wa mifuko ya watu, tukadhani tumepima ugonjwa.

Kosa la pili ni kulinganisha idadi bila kutazama wingi wa watu. Mikoa 6 ya Kanda ya Ziwa, yaani Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga, ilihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu zaidi ya milioni 16, ambao ni zaidi ya robo ya Watanzania wote. Robo ya wananchi ikitoa robo ya wagonjwa hakuna la kushangaza. Ndiyo maana wataalamu husema wagonjwa wangapi kwa kila watu 100,000. Tuchukue mfano wa kubuni: wilaya moja ina watu 200,000 na wagonjwa wapya 60 kwa mwaka, nyingine ina watu 50,000 na wagonjwa 25. Kwa idadi, ya kwanza imezidi. Kwa kiwango, ya kwanza ina wagonjwa 30 kwa kila watu 100,000, na ya pili ina 50. Atakayepeleka dawa na madaktari kwa kufuata idadi peke yake anaweza kuwanyima wale wanaougua zaidi.

Kosa la tatu ni kusahau umri. Saratani nyingi ni za watu wazima na wazee. Wilaya ambayo vijana wake wamehamia mijini, ikabaki na wazee, itaonekana kuwa na saratani nyingi kuliko mji uliojaa vijana, hata kama hakuna tofauti yoyote katika chakula, maji au hewa. Kwa hiyo viwango sharti visawazishwe kwa umri ndipo vilinganishwe. Halikadhalika, wilaya inayopata maabara mpya itaonekana saratani imepanda ghafla, kumbe kilichopanda ni uwezo wa kuitambua.

Huenda msomaji akauliza: kama kulinganisha kuna mitego kiasi hicho, kwa nini tusiache kabisa? Jibu letu ni kwamba baadhi ya siri kubwa za ugonjwa huu zilifichuliwa kwa kulinganisha mahali na mahali, na zilifichuliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliowaua watoto. Mwaka 1961 alifunga safari kwa gari pamoja na madaktari wenzake wawili, wakatembea kiasi cha kilometa 16,000 hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo unaonekana huko. Ramani iliyopatikana ilionyesha kwamba ugonjwa ulipenda nchi za joto na mvua, ukakwepa nyanda za juu zenye baridi. Unguja na Pemba, ambazo kwa joto na mvua zingestahili kuwamo, ugonjwa ulikuwa adimu. Katika visiwa hivyo kampeni ya kupulizia dawa majumbani ilikuwa imeirudisha nyuma malaria. Tofauti hiyo ya visiwa na bara ilikuwa miongoni mwa dalili zilizowafanya wataalamu waihusishe malaria na saratani hiyo, pamoja na kirusi kilichogunduliwa London mwaka 1964. Kwa hiyo mwananchi wa visiwani ajue kwamba hesabu ya kwao iliwahi kuufundisha ulimwengu.

Fundisho lingine lilitoka Mara ya Kaskazini. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wenye umri chini ya miaka 10 walipewa klorokwini kila baada ya wiki mbili, ili kuona kama kuizuia malaria kutapunguza saratani ya taya. Saratani hiyo ilipungua kweli. Lakini kwa kuwa hesabu za wagonjwa zilikuwa zikiwekwa tangu kabla ya dawa kuanza kugawiwa, wataalamu waliona kwamba ilikwisha kuanza kushuka kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa. Isitoshe, malaria yenyewe ilianza kupanda tena wakati ugawaji ukiendelea. Kama daftari lingefunguliwa siku ile ile ya dawa, dawa ingevikwa taji lisilo lake. Mwelekeo wa ugonjwa hausomwi kwa mwaka mmoja. Husomwa kwa miaka kabla na miaka baada.

Majirani zetu wa Uganda walilitambua hilo mapema. Daftari la Saratani la Kampala lilianzishwa katika miaka ya 1950, likaandika wakazi wa Kaunti ya Kyadondo. Misukosuko ya nchi ile ilipolikatiza, walilifufua. Kwa sababu hiyo waliweza kuona kwa macho jinsi saratani ya ngozi na mishipa iitwayo Kaposi ilivyopanda pamoja na UKIMWI na kisha kushuka, na jinsi saratani za matiti na tezi dume zilivyozidi kuongezeka. Hapa kwetu madaftari ya namna hiyo yamefunguliwa Dar es Salaam, Mwanza na Kilimanjaro. Ruvuma haimo miongoni mwa mikoa hiyo mitatu.

Na Ruvuma inayo sababu ya kuhesabu. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa iko Malawi, nchi ambayo saratani ya koo la chakula ni miongoni mwa zilizo juu kabisa duniani. Je, mvuvi wa Liuli, anayekula chakula kile kile na kupika kwa kuni zile zile, ana hatari ile ile? Namtumbo na Songea zinalima tumbaku inayokaushwa kwa moshi. Mahindi na karanga zetu zikihifadhiwa na unyevu huota sumukuvu, ambayo hushirikiana na homa ya ini aina ya B kuleta saratani ya ini. Chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Ili wajukuu wetu waone kama chanjo hiyo imeleta nafuu Ruvuma, hesabu ya leo lazima iwepo.

Lakini sababu kubwa kuliko zote iko Namtumbo. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali eneo la Mto Mkuju litolewe katika mipaka ya Pori la Akiba la Selous ili urani ichimbwe, na mwaka 2025 mtambo wa majaribio ulizinduliwa. Gazeti hili halisemi kwamba mgodi ule utaleta saratani, wala halisemi kwamba hautaleta. Tunakumbusha tu kwamba huko Marekani wachimbaji wa urani, wakiwemo wengi wa kabila la Wanavajo, walipatwa na saratani ya mapafu kwa kuvuta gesi ya radoni migodini, na sheria ya kuwalipa fidia ilipitishwa mwaka 1990. Kilichowasaidia ni kwamba wataalamu wa afya wa serikali yao walikuwa wakiwafuatilia wachimbaji hao kwa maandishi tangu mwaka 1950. Saratani ya namna hiyo huchukua miaka 10, 20 au zaidi kujitokeza. Siku itakapodaiwa kwamba Namtumbo inaugua, mwananchi atalia na mwenye mgodi atakana, na hakimu hatakuwa na kitabu cha kufungua. Daftari la kabla ya mgodi ni ngao ya mwananchi, na kama mgodi ni salama, ni ngao ya mgodi pia.

Tunapendekeza basi kwa Serikali zetu mbili mambo yafuatayo. Kwanza, kila hospitali inayopokea mgonjwa wa saratani iandike umri wake na mahali anapoishi hasa: kijiji au mtaa kwa bara, shehia kwa Zanzibar. Mara nyingi mgonjwa wa Pemba au wa Tunduru hutaja nyumba ya ndugu aliyemfikia Dar es Salaam, na papo hapo anahesabiwa kuwa mtu wa Temeke. Pili, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Songea, ifunguliwe daftari la saratani la mkoa mzima, na hospitali za Peramiho, Litembo na Tunduru zipeleke taarifa zake humo. Wagonjwa wetu wanaotibiwa Mbeya, Ndanda au Dar es Salaam warudishwe katika hesabu ya kwao. Tatu, kwa kuwa afya si jambo la Muungano na kila upande una Wizara yake, Wizara hizo zikubaliane kubadilishana hesabu kila mwaka, ili mgonjwa aliyevuka bahari asihesabiwe mara mbili wala asiachwe. Nne, vipande vya uvimbe vinavyokatwa wilayani visafirishwe haraka hadi maabara na majibu yarudi, maana ugonjwa usiothibitishwa hauwezi kuandikwa kwa uhakika.

Tano, vifo vya vijijini viandikwe na mtendaji wa kijiji au sheha pamoja na chanzo kinachosemwa, ili daftari lisibaki la wale wenye nauli tu. Majina ya wagonjwa yatunzwe kwa siri, lakini jumla za kila wilaya zitangazwe kwa wananchi kila mwaka. Gharama ya kazi hii si kubwa ukiilinganisha na mashine moja ya mionzi. Inahitaji makarani wenye mafunzo, vifaa vya kuandikia, usafiri, na kiongozi anayeuliza kila mwisho wa robo mwaka: hesabu iko wapi?

Wananchi nao wana wajibu wao. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanamke mwenye dalili asingoje, na mzee mwenye shida ya kumeza asiridhike na maelezo ya uchawi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kandokando ya redio, wakajifunza na kuchimba vyoo kwa mikono yao. Taifa lililoweza kufanya hivyo halishindwi kuandika wagonjwa wake. Wataalamu wapo na sheria zipo. Kinachotakiwa ni amri itoke, daftari lifunguliwe Songea, na lifunguliwe kabla mgodi wa Namtumbo haujaanza kazi yake kamili.