Tahariri: Dawa Humezwa kwa Maji



Anayeishi na virusi vya UKIMWI hupewa dawa bila malipo, naye huaswa asikose kuzimeza hata siku moja. Ni jambo la kushukuru. Lakini dawa humezwa kwa maji. Na ni nani amwulizaye ameyateka wapi?

Swali hili si dogo. Homa ya ini aina ya E huenezwa hasa na maji yaliyochanganyika na kinyesi. Kuanzia mwaka 2007 iliwakumba watu wa Kitgum, kaskazini ya Uganda, waliosongamana kambini kwa sababu ya vita, wakiwa na visima vichache na vyoo haba. Zaidi ya watu 10,000 waliugua, na 160 hivi wakafa. Wajawazito ndio hupatwa na hatari kubwa kuliko wote.

Mwenye virusi vya UKIMWI huipata kwa njia zile zile zinazotutisha sote: maji machafu, choo kibovu, na nyama isiyoiva vema, hasa ya nguruwe. Ila kinga yake ikiwa imeshuka mno, ugonjwa uliotoka kwa nguruwe waweza kung'ang'ania ini lake kwa miezi mingi, kama waganga wa Ulaya walivyoeleza tangu mwaka 2009. Kwa hiyo dawa zake asiziache.

Sisi wa Makunduchi tunakaa juu ya mawe ya matumbawe. Mawe haya yana matundu. Maji ya mvua hupenya upesi, na uchafu wa choo hupenya vivyo hivyo. Shimo la choo likichimbwa karibu na kisima, jirani humnywesha jirani yake uchafu, wala hajui.

Basi, mtu akigeuka macho ya manjano tusimnyoshee kidole kwa dhana mbaya, wala yeye asitupe dawa kwa kudhani zimemdhuru. Aende hospitali apimwe. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Hata hivyo, kuchemsha kwahitaji kuni, na kuni ni fedha. Haifai mzigo huu kumwachia mgonjwa peke yake. Masheha na wenye mamlaka ya maji hawana budi kukagua vyoo vilivyo karibu na visima, na kulifikisha bomba kwa asiye na uwezo. Tukimpa ndugu yetu dawa tukamnyima maji safi, haki yake tumeitenda nusu.