Swali la Uzazi Litangulie Kisu

Mwanamke wa miaka 34 anayetafuta mtoto anapoambiwa kwamba kizazi chake kina uvimbe, au kwamba maumivu yanayomlaza kitandani kila mwezi ni endometriosisi, neno linalofuata mara nyingi ni upasuaji. Hupangiwa tarehe, hutajiwa gharama, na ndugu huanza kuchanga. Swali linalokosa nafasi katika mpangilio huo ni lile lililomtoa nyumbani: nikishapasuliwa, uwezekano wangu wa kuzaa utaongezeka, utabaki ulivyo, au utapungua? Hoja yangu ni kwamba swali hilo lijibiwe na jibu lake liandikwe kwenye faili kabla ya kupanga tarehe ya thieta, na kwamba hospitali isiyofanya hivyo haijamaliza kazi yake hata kama mshono utapona vizuri. Zipo operesheni zinazofungua njia ya mimba, na zipo zinazoifunga. Ushahidi wa kuzitofautisha umekuwepo kwa miaka mingi.

Nianze na faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, kwa kuwa ndizo zilizoenea zaidi. Utafiti uliofanyika jijini Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba wanawake weusi zaidi ya asilimia 80, na wazungu karibu asilimia 70, huwa wameota uvimbe huo kufikia umri wa miaka 50. Kwa anayetafuta mtoto, takwimu hiyo ina maana kubwa ambayo haielezwi vya kutosha. Ugonjwa ulioenea kiasi hicho utaonekana kwenye ultrasaundi ya mwanamke aliyechelewa kushika mimba hata kama sio uliomchelewesha. Wengi hubeba mimba na kujifungua salama wakiwa na uvimbe ambao hawakuwahi kujua wanao. Kinachoamua zaidi ni mahali ulipokaa. Uvimbe unaochomoza ndani ya kizazi, pale mimba inapojishikiza, hupunguza uwezekano wa kushika mimba, na kuuondoa kunaelekea kusaidia. Tena mara nyingi hutolewa kwa kifaa kinachopitishwa ukeni, bila kupasua tumbo. Uvimbe ulioota upande wa nje hauonekani kupunguza uwezo wa kuzaa. Uliojificha katikati ya ukuta wa kizazi ndio unaowagawa mabingwa mpaka leo, na huo lazima uangaliwe ukubwa wake na umbali wake kutoka nafasi ya ndani kabla ya mtu kutoa shauri. Ripoti ya ultrasaundi inayosema tu kwamba kizazi kina uvimbe mwingi haijatoa sababu ya kumpasua mtu ili apate mtoto.

Upasuaji wenyewe hauuachi mwili kama ulivyoukuta. Ili kutoa uvimbe ulio ndani ya ukuta, daktari hulazimika kukata nyama ya kizazi na kuishona, na kizazi chenye kovu hilo ndicho kitakachobeba mimba ijayo. Ndiyo maana mwanamke huambiwa asubiri miezi kadhaa kabla ya kujaribu tena, na ndiyo maana wengi hushauriwa kujifungua kwa upasuaji, kwa sababu kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Baada ya tumbo kufunguliwa, utumbo, mirija na ovari huweza kugandana, na mrija uliogandana hushindwa kulidaka yai. Damu hupotea, wakati mwingine nyingi, nasi tunajua hali ya benki zetu za damu. Uvimbe nao huweza kuota upya. Yote hayo yanastahili kuvumiliwa pale ambapo hedhi inammaliza mtu damu, au mimba zinaharibika moja baada ya nyingine na chanzo kimeonekana ndani ya kizazi. Lakini mwanamke wa miaka 38 ambaye uvimbe wake wa nje uligunduliwa kwa bahati, akatumia karibu mwaka mzima kuchanga fedha, kupasuliwa, kupona na kusubiri, amepoteza muda ambao hakuna daktari atakayemrudishia. Katika umri huo mayai hupungua kwa idadi na kwa ubora, tena kwa kasi.

Endometriosisi ni ngumu zaidi kuitolea hukumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190, na wengi huishi nayo miaka mingi wakiambiwa ni chango au kwamba maumivu yatakwisha wakizaa. Tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje yake, kwenye ovari, mirija au utumbo, zikaleta maumivu na makovu. Je, kuziondoa kunasaidia mimba? Mwaka 1997 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya jaribio la wanawake 341 waliokuwa na ugonjwa wa kiwango cha chini. Takriban nusu yao waliondolewa tishu hizo kwa upasuaji wa matundu madogo. Wengine waliangaliwa tu kwa kamera bila kuondolewa kitu. Uwezekano wa kushika, ndani ya wiki 36, mimba iliyodumu hadi wiki 20 au zaidi ulikuwa asilimia 30.7 kwa kundi la kwanza na 17.7 kwa la pili. Jaribio dogo la Italia lililochapishwa mwaka 1999 halikuona faida hiyo. Kwa maoni yangu ushahidi bado unaegemea upande wa upasuaji kwa wanawake wa kundi hili. Hata hivyo, katika takwimu hizo nzuri, zaidi ya wawili katika kila watatu waliofanyiwa upasuaji hawakupata mimba ya namna hiyo katika muda huo. Anayepelekwa thieta ana haki ya kuambiwa hilo kwa sauti ile ile iliyotumika kumpa tumaini.

Hali hubadilika ugonjwa unapoingia ndani ya ovari na kutengeneza uvimbe uliojaa damu nzito, nyeusi. Kuuchubua uvimbe huo huondoa pamoja nao sehemu ya ovari yenye mayai, na vipimo vya damu vya homoni ya AMH, vinavyokadiria akiba ya mayai, huonyesha kushuka baada ya upasuaji. Ovari zote mbili zikiguswa, au moja ikirudiwa, hasara huwa kubwa zaidi. Mwongozo wa mwaka 2022 wa jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, ESHRE, unashauri kwamba uvimbe huo usiondolewe kama desturi kabla ya upandikizaji mimba kwa matumaini ya kuongeza watoto wanaozaliwa, kwa kuwa faida hiyo haijaonekana na akiba ya mayai huenda ikaathirika. Tunaye pia shahidi wa karibu. Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, ameeleza hadharani kwamba alipasuliwa zaidi ya mara kumi kwa ajili ya ugonjwa huu. Mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume, na habari hiyo iliwapa nguvu wanawake wengi waliokuwa wamekata tamaa. Nafurahi pamoja nao. Lakini idadi ile ya operesheni inanikosesha raha, kwa sababu wanawake wengi wenye ugonjwa huo huo hawana uwezo wa kwenda kutafuta msaada nje ya nchi zao baada ya kisu cha tatu au cha nne.

Kuna kipimo kimoja kinachofichua jinsi tulivyozoea kuyapanga mambo vibaya, nacho ni cha manii. Tatizo la upande wa mwanamume huchangia takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto. Kipimo chake hakihitaji nusu kaputi wala kulazwa, na gharama yake ni sehemu ndogo sana ya gharama ya upasuaji. Hata hivyo mke hupasuliwa wakati mume hajawahi kukanyaga maabara, kwa sababu ameshazaa nje, au kwa sababu mama mkwe ameshaamua mwenye kasoro ni nani. Sioni uhalali wowote wa kitabibu wa kumkata mwanamke kizazi kwa ajili ya mimba ambayo huenda ingezuiwa na jambo lisilomhusu. Kama lengo la operesheni ni mtoto, majibu ya mume yawe mezani kwanza.

Watakaonipinga watasema maumivu hayasubiri makaratasi. Ni kweli, na hoja hii ina uzito kwangu kuliko zote. Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya aliyefariki Juni 2024, alitumia miaka yake ya mwisho kutueleza jinsi endometriosisi ilivyomtesa hadi mapafuni, baada ya miaka mingi ya kutibiwa magonjwa mengine. Hakuna anayepaswa kuambiwa avumilie mateso ya namna hiyo ili kulinda mayai. Upasuaji wa kuondoa maumivu ni tiba halali hata kama hautaongeza uwezekano wa mimba hata kidogo. Ninachotaka ni lengo litajwe. Dawa za homoni zinazotuliza maumivu huzuia mimba wakati zinatumika, na hazijathibitika kuongeza uwezo wa kuzaa baadaye. Kwa hiyo mwanamke anayetaka vyote viwili, nafuu na mtoto, yuko kwenye njia panda ya kweli, na achague akijua. Anayekubali kisu kwa ajili ya maumivu huku akidhani amekubali kwa ajili ya mtoto hajakubali chochote.

Wengine watasema vipimo hivi ni vya matajiri. AMH ni ghali kweli, tena katika miji mingi haipatikani. Lakini ultrasaundi ile ile iliyoonyesha uvimbe inaweza kuhesabu vifuko vidogo vya mayai ndani ya ovari, ikatoa picha ya kutosha kuhusu akiba iliyobaki, ikiwa tu daktari ameagiza vihesabiwe. Inaweza pia kuchora uvimbe umekaa wapi. Kinachokosekana hapo ni swali kwenye fomu ya kuagizia kipimo, wala si mashine mpya. Na katika nchi ambako familia huuza shamba ili kulipia upasuaji, operesheni isiyokuwa na sababu ni ghali kuliko kipimo chochote kinachoweza kuizuia. Mabingwa wetu ni wachache na foleni ni ndefu. Kupunguza upasuaji usiohitajika kutafupisha foleni hiyo kwa wanaouhitaji.

Jambo la mwisho linalopaswa kuwemo kwenye faili ndilo zito kuliko yote: daktari afanye nini damu ikikataa kukoma? Kuondoa kizazi wakati wa kutoa uvimbe hutokea mara chache, lakini hutokea, na wakati huo mwenye mwili yuko usingizini. Mara nyingi anayeulizwa mlangoni ni mume au kaka. Mwingereza Victor Bonney, aliyeishi kati ya 1872 na 1953, alifanya kazi ya udaktari katika zama ambazo jibu la kawaida la uvimbe lilikuwa kutoa kizazi chote. Mke wake mwenyewe aliondolewa kizazi akiwa bado kijana, na hawakupata mtoto. Bonney akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba uvimbe unaweza kutolewa na kizazi kikabaki, na akabuni koleo la kubana mishipa ya damu ili hilo liwezekane. Sisi tumerithi ufundi wake. Lakini mazungumzo na mgonjwa kabla ya usiku wa operesheni bado ni bahati nasibu. Mwanamke aseme mapema, kwa maandishi, ni hatari kiasi gani yuko tayari kuibeba ili kizazi kibaki, na atajiwe nani atamfanyia upasuaji na amewahi kuufanya mara ngapi.

Nimesikia pia hofu kwamba kuzungumza hivi kutawafanya wanawake waikimbie hospitali na kuwapeleka kwa wauza mizizi na maji ya kusafisha kizazi. Naona kinyume chake. Wauzaji hao wanastawi kwa kuahidi mtoto bila kisu, na wateja wao ni watu walioogopeshwa kisu bila kuelezwa kazi yake. Anayeambiwa na daktari wake kwamba uvimbe wake haumzuii kuzaa, na kwamba ajaribu kwa miezi sita kisha arudi na mumewe, ataondoka na sababu ya kurudi. Anayeambiwa kwamba wake umeziba mahali pa mimba, na kwamba kuuondoa kunaweza kumsaidia, atakuwa tayari kulala kwenye meza ile akijua analala kwa ajili ya nini. Wizara za afya za Dodoma na Nairobi zinaweza kuagiza ukurasa mmoja wa majibu haya uwemo kwenye kila faili bila kujenga jengo lolote jipya, na vyama vya madaktari bingwa wa uzazi vinaweza kuuandaa bila kusubiri wizara.