Molekuli Ipimwe Kabla ya Kuitwa Dawa

Mwaka 1985, huko Houston, Marekani, Kroto, Curl, Smalley na wenzao waligundua fulereni, molekuli ya kaboni iliyo duara kama mpira. Waliitambua kwa spektrometa ya masi, mashine ipimayo molekuli zilizotiwa chaji: atomi 60, kila moja yenye masi 12, jumla 720. Leo watafiti huipachika vikundi vya haidroksili ili iyeyuke majini na huenda ikafaa kuwa dawa. Kila kikundi huongeza 17. Vikiwa 24, masi hufikia 1128.

Hata hivyo, chupa moja yaweza kuwa na mchanganyiko wa molekuli zenye vikundi vichache na vingi, wala si lazima zitende kazi sawa mwilini. Tena, kipimo kikifanywa kwa nguvu mno, vikundi hubanduka, ikabaki 720 peke yake.

Kwa hiyo, jina kwenye kibandiko halitoshi. Mgonjwa anayeuziwa fulereni kama tiba, na mhudumu anayemshauri, waulize mambo mawili: imepimwaje, na usalama wake umethibitishwa kwa binadamu? Spektrometa hujibu la kwanza tu. Pasipo majibu yote mawili, hiyo bado si dawa.